Alhamisi, Saa Nane

Ile ya karatasi tuliibandua ukutani mwezi wa pili,
zawadi ya wauza mitungi ya gesi.
Nyuma yake rangi ilikuwa mbichi bado,
kijani cha siku tuliyohamia Shimanzi.

"Wewe kijana," aliniambia Bwana Twahir,
"tufungulie kalenda moja, kila mtu amuone mwenziwe."
Nikafungua. Nikagawa rangi kama mgawa sare za harusi:
Kadzo chungwa, Mwakio samawati,
mkubwa akajichagulia nyekundu.
Zeitun akasema, yoyote itakayobaki.
Ikabaki kijivu.

Wiki ya kwanza tulichekana.
Mwakio aliandika: Forodha, saa tatu.
Mashine, isiyojua kwamba saa zetu huanza na jua,
ikamshika neno lake:
saa tisa za usiku simu zetu zikalia kwa pamoja,
kutoka Bombolulu hadi Mtongwe,
na mke wa Mwakio akataka kujua
huyo Forodha ni nani.

Idi mkubwa aliiandika mwenyewe,
kisha akaweka alama ya kuuliza,
kwani mwezi haupokei mialiko.

Lakini Alhamisi.
Kila Alhamisi, saa nane hadi kumi na moja,
kisanduku cha kijivu: Ana shughuli.
Hapana mahali, hapana maelezo.
Kikufuli tu pembeni.

Kalenda ya pamoja, na mtu ajifungie?
Maneno yakaanza kwenye birika la chai.
Ana duka la mitandio Marikiti.
Ana mtu.
Mkubwa akaguna: kontena likilala bandarini
linatutafuna sisi, halimtafuni yeye.
Akaniita kando. "Fundi ni wewe. Fungua tuone."

Ruhusa nilikuwa nayo, nakiri.
Nikabofya mara moja,
kama mtu anayefunua chungu cha jirani:

Mama. Mashine ya figo.
Omba kiti cha dirishani.
Beba leso ya pili, huhisi baridi.

Nikafunika.
Nikarudi kwa mkubwa nikamwambia, imekataa.
Nilimdanganya mtu mzima, na sijajuta.

Tangu hapo, kila alipotaka kikao Alhamisi alasiri
nilimtangulia: chumba kimechukuliwa,
mtandao utakatika,
fundi wa kiyoyozi anakuja.
Fundi wa kiyoyozi alikuja mara tisa mwaka ule,
kwenye kalenda.
Joto letu liko pale pale.

Mama yake alifariki usiku wa kuamkia Jumanne,
mwezi wa Rajabu.
Tulikwenda Kisauni, tukakaa jamvini,
viatu vyetu vikichanganyika mlangoni,
na siku hiyo, bila rangi, bila mwaliko,
hakuna aliyechelewa,
hata Kadzo.

Zeitun alirudi kazini wiki ya pili.
Alhamisi, saa nane kasorobo, simu yake ikalia mezani:
zimebaki dakika kumi na tano.
Aliitazama. Sisi tukatazama makaratasi yetu.
Tukio hili hurudiwa kila wiki. Halina mwisho.
Ufute hili tu, au yote?

Hakufuta.
Aliitia simu mkobani,
akajitanda vizuri, akateremka ngazi.
Alikokwenda hatukuuliza,
wala sikubofya.

Juzi nilisimama nyuma ya Bwana Twahir
akipanga kikao cha robo mwaka.
Jumatatu meli, Jumanne mkaguzi,
Jumatano yuko Nairobi.
Kishale chake kikafika Alhamisi, saa nane,
kikasita juu ya kijivu,
kikapita.